Tanuri la taka Mbeya: pingamizi lianzie kwenye maji

Mradi wa tanuri la kuchomea taka ukitangazwa, wananchi hulalamikia moshi. Mhandisi hujibu kuwa kuna kichujio, na kikao huishia hapo. Mimi ningeanza na swali gumu zaidi kwake: taka zenyewe zina maji kiasi gani?

Taka za masoko yetu ni maganda ya ndizi, kabichi na viazi vilivyooza. Tuseme maji ni asilimia 60. Katika kilo moja, kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hula karibu megajuli 1.5 (megajuli ni kipimo cha nishati). Ukitoa mchanga na majivu, hubaki gramu 300 hivi za kuungua, zenye megajuli 6. Salio ni 4.5. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1999 unataka wastani wa megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na zisishuke chini ya 6 msimu wowote.

Pengo huzibwa kwa dizeli. Fedha ya dizeli ikikata, tanuri huendelea kulishwa joto likiwa pungufu, na hapo ndipo dioksini, kemikali zenye sumu kali, huzaliwa. Gesi inatakiwa ikae angalau sekunde 2 kwenye nyuzi 850 (1,100 kwa taka zenye klorini nyingi), kisha ipoozwe haraka, kwa sababu kati ya nyuzi 450 na 200 dioksini hujiunda upya kwenye majivu yanayoruka. Tena mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 au zaidi. Feni iliyokadiriwa kwa Dar es Salaam itapeleka oksijeni pungufu. Ulizeni hilo, wengi hulisahau.

Kupima unyevu wa taka si kazi kubwa. Mwageni mzigo wa gari moja, changanyeni, gaweni mafungu manne, bakizeni mawili yanayotazamana, mrudie hadi zibaki kilo 100. Chambueni na kupima kila aina. Sampuli iliyokatwakatwa ikaushwe kwenye oveni ya maabara, nyuzi 105, hadi uzito usibadilike. Hitilafu ya kawaida ni kupima Agosti peke yake, wakati wa kiangazi, au kuchukua taka za maduka zilizojaa plastiki. Namba hupanda zikadanganya.

Na dampo halifungwi: tani 100 huacha majivu ya chini (yanayobaki tanurini) tani 20 hadi 30, mbali na yale ya kichujio, yanayohitaji shimo lake maalumu.

Sindano na bandeji za hospitali ni suala jingine, sizichanganyi hapa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari na ushirikishwaji wa wananchi. Hoja ziwasilishwe kwa maandishi mshauri anapoainisha mambo ya kuchunguza, kabla ripoti haijafika NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Mkipewa wastani wa mwaka tu, daini vipimo vya Februari, msimu wa mvua.