Chesisi kwanza, bei baadaye: dhana potofu kuhusu magari ya spoti ya zamani

Gari la spoti la zamani likitangazwa kuuzwa Mwanza, iwe Skyline iliyopaki yadi ya Nyakato au Datsun iliyofunikwa turubai uani Pasiansi, watu huanza na swali moja: "Bei gani?" Swali hilo huja mapema mno. Huwezi kusema bei ni kubwa au ni ndogo kabla hujajua ni bei ya kitu gani, na magari haya huitwa sana majina yasiyo yao. Skyline ya kawaida na Skyline GT-R, toleo lake la kasi, za mwaka mmoja hupishana thamani mara kadhaa, na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara hawezi kuzitofautisha. Dhana zinazofuata zinazunguka gereji hadi gereji na zinameza akiba za watu, ndiyo maana nataka tuzitazame kwa makini.

Dhana: Namba ya chesisi ikilingana na kadi, gari ni halisi

Kulingana na kadi kunathibitisha kwamba gari lililo mbele yako ndilo lililosajiliwa. Hilo ni la lazima, na likikosekana ondoka. Lakini kadi haikuambii kiwanda kilitengeneza toleo gani, hasa kama aliyejaza fomu aliandika "Nissan Skyline" akaishia hapo. Jibu limo ndani ya namba yenyewe, kwenye sehemu yake ya mwanzo.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayabebi ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ukisoma BNR32, hiyo ni GT-R ya kizazi kilichotengenezwa kati ya 1989 na 1994. Ukisoma HCR32, ni Skyline ya kizazi hichohicho lakini si GT-R, hata kama imevishwa bampa, spoila na nembo nyekundu za GT-R. Kwa Toyota ni hivyo hivyo. Corolla Levin na Sprinter Trueno zenye msimbo AE86 zilitoka na injini ya 4A-GE ya cc 1,587 yenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) mbili. Ndugu zao za AE85 zina bodi inayokaribia kufanana kabisa, ila injini yao ni ya cc 1,452 na kamshafti moja. AE85 nyingi duniani zimepandikizwa injini ya kaka yao na kuuzwa kwa jina lake. Fundi akibadilisha injini, giaboksi na viti, chesisi itaendelea kusema AE85.

Datsun Z nazo zina familia yao. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya usukani wa kushoto. S30 isiyo na nyongeza ni Fairlady Z ya Japani yenye injini ya lita 2. PS30 ni Z432, iliyobeba injini ya S20 ya mbio, na zilitengenezwa kama 420 tu. Anayekuambia ana Z432 mtaani Kirumba akuoneshe msimbo huo kabla hamjakaa kuzungumza hela.

Namba hiyo isome mahali ilipogongwa kwenye chuma. Kwenye Skyline, AE86 na Datsun Z imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Kile kibati chenye msimbo, rangi na aina ya giaboksi ni msaada mkubwa, lakini kibati hushikwa kwa ribiti, na ribiti hutolewa. Tazama kama ribiti ni mpya kuliko kila kitu kinachoizunguka. Pitisha kidole kuzunguka namba iliyogongwa. Ukisikia mstari wa kuchomelea, au ukaona rangi ya eneo hilo dogo inang'aa tofauti na pembeni yake, huenda kipande hicho cha chuma kimekatwa kwenye gari jingine. Hapo tatizo limeshavuka bei. Unaweza kuwa unanunua gari la wizi.

Kisha uliulize gari lenyewe. Mafundi wetu wa bodi hutembea na sumaku ili kugundua puti: pale sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna unga ulioganda badala ya chuma. Kwenye R32 GT-R, yaani ile BNR32, kanuni hiyo inageuka. Boneti na fenda za mbele za gari hilo zilitengenezwa kwa alumini, kwa hiyo sumaku haipaswi kushika. Ikishika boneti kwa nguvu, boneti hiyo si ya kiwandani. Lala chini pia utazame kama kuna shafti zinazopeleka nguvu magurudumu ya mbele, kwa sababu GT-R ya kizazi hicho huendesha magurudumu yote manne na HCR32 huendesha ya nyuma tu. Nembo inanunuliwa kwa elfu chache, lakini kupandikiza mfumo mzima wa kuendesha magurudumu ya mbele ni kazi ambayo mdanganyifu hupenda kuikwepa.

Dhana: Ni namba A, kwa hiyo ni gari la zamani kweli

Herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha Tanzania inaonesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Celica ya 1990 iliyoingia miaka michache iliyopita itakuwa na namba D au E, na uzamani wake haujapungua hata siku moja. Nayo namba A inaweza kukaa kwenye gari lililokatwa na kuungwa mara tatu. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwa kutumia namba ya chesisi.

Dhana: Ziwa letu halina chumvi, magari ya Mwanza hayaozi

Hii inasemwa kwa kujiamini sana, na ina nusu ya ukweli ndani yake. Chumvi huharakisha kutu, na gari lililokaa pwani Tanga au Dar es Salaam hupigwa na upepo wa bahari ambao sisi hatuna. Lakini kutu inahitaji maji na hewa tu, na Mwanza ina vyote viwili. Tuna misimu miwili ya mvua, tuna unyevu unaotoka ziwani, na tuna tope la barabara za mitaani linaloingia kwenye mikunjo ya chini ya bodi na kukaa humo likiwa bichi.

Tena gari halikuzaliwa hapa. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Gari lililotumika huko miaka 15 limekuja na kutu yake tumboni, likapigwa rangi nyeusi chini likaonekana jipya. Rangi nzito ya chini iliyo mpya kupita kiasi nitaitilia shaka kuliko kutu ninayoiona kwa macho.

Kwa Datsun Z, funua mkeka utazame sakafu. Toa betri uangalie trei yake na chuma kilicho chini yake. Gonga sehemu ya chini ya milango, sehemu ya chini ya fenda za mbele nyuma ya magurudumu, na shimo la tairi la akiba. Angalia pia zile reli mbili ndefu zinazopita chini ya sakafu. Zikiwa zimeoza, gari limepoteza mifupa yake, na kulinyoosha kutagharimu kuliko injini. Muuzaji mwaminifu atakuachia ufunue mkeka.

Dhana: Injini ni ya aina ileile, basi ni ya kwake

Aina ni jambo moja na namba ya injini ni jingine. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipa zaidi kwa gari ambalo injini yake ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, na wana njia za kuhakiki. Kibati cha 240Z kilichopo kwenye chumba cha injini kimeandikwa namba ya injini pamoja na ya gari. Jaguar hutoa cheti cha kumbukumbu za kiwanda kwa magari yake ya zamani kama E-Type. Kwa magari mengi ya soko la Japani kibati hutaja aina ya injini bila namba yake, hivyo mtu akikuapia kwamba injini ni ileile, muombe risiti na karatasi za matengenezo.

Injini iliyobadilishwa hailifanyi gari kuwa feki. Inabadilisha bei, na inapaswa kusemwa.

Dhana: Kilomita chache, gari halijachoka

Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yana mita ya tarakimu tano. Ikifika 99,999 inaanza upya, bila mtu yeyote kuigusa. Hapo bado hatujazungumzia wanaoirudisha nyuma makusudi. Angalia mpira wa pedeli ya breki, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Kwa gari lililopita mnadani Japani, omba karatasi ya mnada, maana huko daraja la R humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa.

Dhana: Hii ilikimbia Safari

Hakuna sentensi inayopandisha bei ya gari la zamani Afrika Mashariki kama hii, nami nauelewa mvuto wake. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta. Katikati, mwaka 1972, Hannu Mikkola alishinda na Ford Escort. Joginder Singh aliipeleka Mitsubishi Lancer kwenye ushindi 1974 na 1976. Mbio zilianza 1953, na kwa miaka ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo wazee wa kanda hii waliyaona magari hayo kwa macho yao. Kumbukumbu hizo ni za thamani, na ndiyo sababu nakereka zinapotumiwa kumuuzia kijana Datsun ya kawaida.

Gari la mbio huacha alama. Maungio ya bodi huwa yameongezwa kuchomelewa ili yastahimili mashimo. Sakafuni kuna matundu au vishikizo vya ngome ya mabomba iliyomlinda dereva. Chini kuna sehemu za kufungia bamba la kukinga injini, na mbele kuna vishikizo vya taa za ziada. Zaidi ya hayo kuna karatasi na picha: namba ya usajili inayoonekana pichani ilingane na ya kwenye nyaraka za zamani za gari hilohilo. Bila ushahidi huo, lipa bei ya Datsun na usikilize hadithi bure.

Dhana: Mtandaoni zinauzwa dola laki tatu

Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Ni kweli kabisa. Lakini gari lile lilikuwa limetembea maili chache na kuhifadhiwa karibu na hali yake ya kiwandani. Bei ile ilikuwa ya gari lile. Lililosimama Igoma likiwa na sakafu ya kuungwa linafanana nalo jina.

Kosa jingine ni kupima soko kwa matangazo. Tangazo linaonesha anachotamani muuzaji. Gari linalotangazwa mwaka mzima kwa bei ileile limekujibu tayari kuhusu bei hiyo. Tafuta bei za magari yaliyokwisha kuuzwa, za msimbo uleule na hali ileile, tena zaidi ya moja.

Ujue pia kwa nini bei za Japani zilipanda. Marekani huruhusu kuingiza gari lisilokidhi viwango vyake vya usalama likishatimiza miaka 25. R32 GT-R za 1989 zilifunguliwa mlango 2014, na R34, GT-R za kizazi cha baadaye, za 1999 zikafuata 2024. Wanunuzi wa huko waliingia minadani na fedha nyingi. Mnunuzi huyo anataka chesisi safi na nyaraka kamili. Gari lisilo navyo haliwezi kudai bei anayolipa yeye.

Dhana: Nimetumia milioni 40, haliwezi kuwa chini ya hapo

Gharama ya muuzaji na thamani ya gari ni vitu viwili. Kodi ni sehemu kubwa ya gharama hiyo. Chukua mfano wa gari lenye thamani ya shilingi milioni 10 pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, injini inazidi cc 2,000 na umri unazidi miaka 10. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha wa uchakavu asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Hesabu, pamoja na thamani ya gari lenyewe, inapita milioni 20 kabla ya tozo ndogondogo, na TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake hata kama risiti yako inasema kidogo. Viwango hupitiwa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo kokotoa upya kwa mwaka wako.

Kodi hiyo inaeleza kwa nini GT-R halisi ya hapa ni ghali kuliko ya Japani. Haiwezi kuigeuza HCR32 kuwa GT-R. Milioni za rangi, rimu na redio nazo hazirudi zote, na muuzaji asikasirike ukimwambia hivyo kwa heshima.

Dhana: Replika ni utapeli

Porsche ilitengeneza Carrera RS 2.7 zipatazo 1,580 tu, na dunia imejaa 911 za kawaida zilizovishwa mkia wake. Nyingi zilijengwa kwa mapenzi na zinaendeshwa kwa furaha. Utapeli huanza jina linapouzwa pamoja na gari. Kwa hiyo ukiipenda AE85 iliyogeuzwa, inunue kwa bei ya AE85 iliyotengenezwa vizuri, na kwenye mkataba wa mauziano andikeni msimbo wa chesisi kama ulivyogongwa, injini iliyomo sasa, na kwamba imebadilishwa. Mkataba huo ukae pamoja na kadi, ili atakayelinunua kutoka kwako asome alichosoma fundi wako.