Gharama ya mbadala: bei ya nyasi zilizokuwa bure

Gharama ya mbadala ni fedha, muda na jasho unavyotoa ili upate tena kitu ulichokuwa ukikipata bila kulipa. Wachumi huitumia kupima thamani ya vitu visivyopita sokoni, kama vile chemchemi, kuni za kuokota, au malisho.

Chukua Mlima Elgon nchini Uganda, upande wa wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo. Juu ya msitu kuna nyanda za nyasi ambako Wabenet, wanaojiita pia Mosopisyek, yaani watu wa juu mlimani, walichunga ng'ombe na mbuzi vizazi kwa vizazi. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 pembezoni mwa msitu ili wahamie huko, na mwaka 1993 mlima ukawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wenyeji wa asili wenye haki ya kubaki na kuendelea na shughuli zao. Lakini kupandisha mifugo juu kama zamani hakukurudi.

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Nepia, ambayo wengine huiita majani ya tembo, ikiwa mbichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kilo hizo 6 zinatoka kwenye kilo 30 hadi 40 za majani. Ng'ombe watano wanataka kilo 150 na zaidi kila siku ya Mungu. Mama anayebeba mzigo wa kilo 25 kichwani, shuka linamchuruzika umande mgongoni, atapanda na kushuka mara sita au zaidi kabla zizi halijatosheka. Zamani ng'ombe walikwenda wenyewe. Na shamba linalootesha nepia haliwezi kuotesha viazi. Hiyo nayo ni gharama, ingawa hakuna noti iliyobadilishana mikono.

Chumvi ni hivyo hivyo. Elgon ina mapango yenye miamba ya chumvi, na wafugaji walikuwa wakipeleka mifugo huko kulamba. Leo chumvi ya mifugo inanunuliwa dukani.

Kwangu mimi, hasara kubwa kuliko zote iko kwenye kiangazi. Mawingu yanapofunika kilele, nyasi za juu hubaki mbichi wakati tambarare za chini zimekauka. Malisho hayo yalikuwa akiba ya mfugaji. Asipoyafikia, inambidi auze ng'ombe aliyekonda wiki ile ile ambayo jirani zake wote wanauza, na mnunuzi anajua hivyo. Tofauti kati ya bei hiyo na ile ambayo angeipata baada ya mvua ni sehemu ya thamani ya mlima, na inatoka mfukoni mwa mtu mmoja mmoja.

Sisemi hifadhi haina faida. Mito kama Sipi na Manafwa inatoka huko, na malisho yakizidi nyasi huisha. Hata hivyo, nyasi zisizoliwa nazo hurefuka na kukauka, na moto ukishika wakati wa kiangazi husambaa haraka. Kuuzima kunataka watu, na watu wanataka kulipwa.