Je, wajua tikiti maji lisilo na mbegu huzaliwa na mbegu?

Tikiti maji lisilo na mbegu likipasuliwa mezani Kongowea, soko la Mombasa, maelezo mawili hayakosekani: limedungwa sindano ya dawa, au limebadilishwa jeni maabarani. Yote mawili si kweli. Hakuna sindano inayofuta mbegu ndani ya tunda, na hakuna jeni ngeni iliyopandikizwa humo. Kilichobadilika ni idadi ya seti za kromosomu, yaani vibeba jeni vya kila seli; seti moja ya tikiti ina 11. Njia hiyo ni ya Hitoshi Kihara wa Japani, aliyeitangaza mwaka 1951, miaka zaidi ya 20 kabla uhandisi jeni haujaanza.

Uvumi wa dawa hauishi kwa sababu una chembe ya ukweli. Kuna dawa iitwayo kolchisini, ileile wanayopewa wagonjwa wa jongo. Mche wa tikiti la kawaida, lenye kromosomu 22, ukishafungua majani yake mawili ya kwanza, huwekwa tone la kolchisini ya takriban asilimia 0.2 kwenye ncha inayokua, kwa siku kadhaa mfululizo. Seli inayojiandaa kugawanyika imekwisha kunakili kromosomu zake, lakini kwa sababu ya dawa hii nyuzi za kuzivutia pande mbili hazijengeki. Seli inabaki na zote 44. Miche mingi hufa au hudumaa, na kwa mingine ni tawi moja tu linalogeuka. Bila glavu usiiguse dawa hii, ni sumu.

Mche huo, hata hivyo, sio unaozaa tunda la sokoni. Wajukuu na vitukuu vyake huchaguliwa vizazi kadhaa, ndipo ua lao lenye 44 linapopewa chavua ya tikiti la kawaida. Mama anatoa 22, baba 11, na mbegu inapata 33. Lazima mwenye 44 awe mama. Ukigeuza, mbegu hutoka tupu. Hiyo mbegu ya 33 ndiyo anayonunua mkulima, na ni ghali kwa sababu tunda la mama huyo lina mbegu chache mno.

Sasa, kwa nini 33 isizae? Fikiria kanga. Doti moja ni vipande viwili vyenye jina moja. Dada wawili wakigawana doti 11 za majina tofauti, kila doti hukatwa katikati na kila mmoja anaondoka na majina yote 11. Ndivyo tikiti la kawaida linavyotengeneza chavua na mayai yake. Mpe kila jina vipande vitatu badala ya viwili, yaani jumla 33. Kwa jina la kwanza mmoja anapata viwili, mwenzake kimoja. Kwa jina la pili huenda ikawa kinyume. Na kila jina linagawanywa bila kujali lililotangulia. Dada aondoke na hesabu iliyo sawa kwa majina yote, kimoja kimoja au viwili viwili, ni mara 1 kati ya 1,024. Na hiyo ni hesabu ya ukarimu, kwa kuwa kwenye seli halisi kipande cha tatu wakati mwingine hupotea njiani. Yai lenye mchanganyiko usiolingana halikui kuwa mbegu. Linaacha ganda jeupe laini ambalo mlaji hulitafuna bila kujua, ingawa mara moja moja ganda gumu jeusi hujitokeza.

Tunda lenyewe bado linahitaji chavua nzima ili lianze kuvimba, na chavua ya 33 haifai. Kwa hiyo shambani weka mstari mmoja wa tikiti la kawaida kwa kila mistari mitatu ya lisilo na mbegu, uchague aina yenye ganda la rangi tofauti ili mavuno yasichanganyike, na usipulize dawa ya wadudu asubuhi nyuki wakiwa mauani. Ndizi ya mkono wa tembo nayo ina 33, ila yenyewe huvimba bila chavua yoyote.

Kuotesha ndiko kunakoshinda wengi. Mbegu ya 33 ina ganda nene na kiinitete kidogo. Inataka joto la karibu nyuzi 30, ambalo Mombasa ya Februari inalo bure, lakini haitaki maji mengi: udongo wa trei uwe na unyevu tu, usichuruzike. Ielekeze ncha iliyochongoka juu, la sivyo ganda hung'ang'ania majani ya mche.

Tofauti ya idadi hizi huonekana hata kwenye jani. Menya ngozi nyembamba ya chini ya jani la mmea wa 44, uitazame kwa hadubini: matundu ya kupitishia hewa ni makubwa kuliko ya mmea wa 22, ni machache kwa eneo lilelile, na seli zinazoyalinda zina karibu mara mbili ya kloroplasti, zile chembe za kijani. Jani ni nene, la kijani kizito.

Lakini seti nyingi si lazima zilete mavuno makubwa. Mkonge wa kawaida una seti tano na hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake. Chotara wa mkonge aitwaye 11648, aliyezalishwa Mlingano karibu na Tanga, ana seti mbili tu, na hupita majani 500.