Ukiniomba templeti, unaomba nini hasa?

Juzi saa nne usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kasulu: "Shikamoo kaka. Naomba unitumie templeti yako ya vokali na mimi nyimbo zangu zitoke kama zako." Nimeitikia marahaba, halafu nikabaki nimeshika simu. Ombi hili nimelijibu kwa sauti za WhatsApp mara nyingi mno. Leo naliandika, nikiombwa tena nitume hili.

Imani yenyewe ni kwamba ndani ya templeti, yaani faili la kurekodia lililopangwa tayari, kuna sauti. Hakuna. Sisi wa Kigoma tunaelewa mtumbwi wa dagaa ukiandaliwa jioni: nyavu zimekunjwa, taa zimechajiwa, makasia yako mahali pake. Hiyo ndiyo templeti. Dagaa bado wako ziwani.

Tena wengi wanachokiita templeti si templeti. Ni wimbo wa zamani uliofutwa vokali, yaani sauti za waimbaji. Mwenzangu mmoja hapa mjini aliniletea kazi iliyomsumbua siku tatu: kila wimbo, ubeti wa pili ukianza, sauti ya mwimbaji inazama. Alishabadilisha waya, akabadilisha maiki, akaanza kuishuku saundikadi. Nikafungua otomesheni (mstari unaopandisha na kushusha sauti wenyewe) ya ile trake, njia ya sauti yake. Mstari ulikuwa umechorwa kushuka desibeli 6 pale pale, kwa ajili ya jamaa aliyepiga kelele kwenye wimbo mwingine kabisa, miezi kadhaa nyuma. Vokali alizifuta, mstari ukabaki, na kila mteja mpya akawa anapunguzwa sauti kwa kosa la mtu asiyemjua.

Programu za kurekodia zina sehemu rasmi ya kazi hii, itumieni. Reaper huziweka kwenye folda ya ProjectTemplates, Pro Tools inatengeneza faili lenye mwisho wa .ptxt. Ukifungua kwa njia hiyo unapata sesheni mpya, na ile ya asili haiguswi hata ukisevu kwa haraka umeme unapotishia kukatika.

Sasa lile linaloniudhi: komprisa, kile kinachobana sauti inapokuwa kubwa mno.

Mtu anafungua templeti ya mwenzake, anakuta kizingiti, kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo inabanwa, kwenye desibeli hasi 16, uwiano 4 kwa 1 (kila desibeli 4 zilizovuka inabaki 1), anaona ameshika siri. Namba hizo nilizipata kwa mtu mmoja, siku moja, akiwa amesimama shibiri moja kutoka kwenye maiki. Vilele vya sauti yake vilifika hasi 8. Piga hesabu: amevuka kizingiti kwa desibeli 8, uwiano wa 4 kwa 1 unamwachia 2, komprisa imebana 6. Ilimfaa. Kesho yake anakuja binti wa kwaya kutoka Ujiji, anaimba kwa upole, vilele vyake hasi 18. Kizingiti hakigusi hata mara moja. Komprisa imewashwa, unaiona kwenye skrini, na haifanyi kazi yoyote. Mchana anaingia mwalimu wake wa kwaya, mtu aliyezoea kujaza kanisa bila kipaza sauti, vilele hasi 2. Huyo amevuka kwa 14. Komprisa inambana desibeli 10 na nusu, na kila akivuta pumzi unaisikia pumzi kuliko neno. Templeti ni ile ile, namba ni zile zile, na wote watatu wameimba vizuri!

Kwa hiyo kwangu komprisa ipo kwenye templeti lakini imezimwa, kizingiti kiko juu kabisa kwenye sifuri. Nikiitaka lazima niiguse, na nikiigusa lazima nisikilize. Ikwalaiza, ya kukata au kuongeza sauti nzito na nyembamba, ni vivyo hivyo. Ukikuta nimekata hezi 250, nilikuwa natibu chumba changu hapa Mwanga, mjini Kigoma, chenye kuta za matofali zinazorudisha mvumo. Chumba chako cha Kasulu hakina ugonjwa huo, au kina wake.

Jambo la pili nimelilipia kwa aibu, na bado linaniuma. Zamani templeti yangu ilikuwa na plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) za masta, njia ya mwisho ambayo wimbo wote unapitia, tayari: limita pamoja na ikwalaiza ile ya linia fezi, ili mteja asikie wimbo "mkubwa" tangu dakika ya kwanza. Akaja mama mmoja kuimba solo. Kila akiingia, anachelewa. Nikamwambia mama, sikiliza klik (mlio wa kuhesabia mapigo). Akarudia, akachelewa tena. Nikamrudisha mara nyingi hadi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, labda sauti yangu imezeeka." Ndipo nikaangalia. Bafa, kipande cha sauti ambacho kompyuta inakishika kwa mkupuo, ilikuwa sampuli 128 kwenye 48,000 kwa sekunde, yaani chini ya milisekunde 3, hakuna tatizo hapo. Lakini zile plagini za masta zinahitaji kuchungulia sauti mbele kabla ya kuifanyia kazi, na programu inasubirisha kila kitu ili vyote vifike pamoja. Sauti yake ilikuwa inapita humo kabla ya kumrudia kwenye hedifoni. Alikuwa anajisikia kwa kuchelewa, anajivuta kujisubiri. Nilizizima, akaimba mara moja, tukamaliza. Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo masta ya templeti yangu ya kurekodi iko tupu, na ya kumiksi, kuchanganya sauti baada ya kurekodi, ni faili tofauti.

Mengine kwa haraka. Angalia sampuli reti (idadi ya sampuli kwa sekunde) kabla ya kuingiza biti, yaani mdundo: biti ya 44,100 kwenye sesheni ya 48,000, programu ikiuliza kama ibadilishe na wewe ukabonyeza hapana bila kusoma, itakimbia karibu asilimia 9 na kupanda zaidi ya nusu toni. Plagini usizonazo hazitafunguka kwako, hata nikikutumia faili mara kumi. Tempo ya 120 na nne kwa nne ni chaguo la kiwandani tu. Kwaya nyingi zinazokuja kwangu zinaimba sita kwa nane, ukiwawashia klik hiyo unawavuruga kabla hawajafungua mdomo. Na weka tarehe kwenye jina la templeti.

Kuna kitu sijakimaliza moyoni. Templeti yangu ilikuwa na trake 8 za waitikiaji, zimepangwa kushoto na kulia, na nimegundua kila wimbo nilikuwa narekodi waitikiaji 8. Je, nyimbo zote zilihitaji 8, au nilikuwa najaza nafasi kwa sababu ipo? Nikisikiliza kazi zangu za mwaka jana, naona mbili au tatu ambazo sauti mbili zingetosha na maneno yangesikika vizuri zaidi. Nimepunguza zikawa 4. Rivabu, ule mwangwi wa kuongezwa, pia: ni moja ile ile kwenye kila wimbo, nimeizoea, naipenda, na nina wasiwasi kwamba inafanya watu tofauti wasikike wameimbia chumba kimoja. Sijaiondoa.

Kijana wa Kasulu nimemtumia faili. Lina trake 12 zenye majina na rangi, rivabu moja, komprisa zote zimezimwa. Nimemwambia arekodi ubeti mmoja kwa sauti yake, anitumie bila kugusa kitu, kisha tukae kwenye simu tutafute kizingiti chake pamoja. Amejibu karibu saa sita usiku: "Kaka, nisimame umbali gani na maiki?"