Nishani tatu za Euroa, na namna ya kuzisoma

Euroa ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika jimbo la Victoria, Australia, kilomita 150 hivi kaskazini mashariki mwa Melbourne. Wakazi wake leo ni elfu tatu na kidogo. Hata hivyo, wanaume watatu wanaohesabiwa kuwa wana wa Euroa na vitongoji vyake walipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika majeshi ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini ya taji lake. Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1856, na tangu wakati huo imetolewa mara 1,350 na ushei tu duniani kote. Waaustralia walioipata ni mia moja na wachache. Kwa mji wa ukubwa huo, watatu ni wengi mno.

Majina yao ni Leslie Maygar, Frederick Tubb na Alexander Burton. Wamewekewa sanamu za shaba katika bustani ya kumbukumbu mjini hapo. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Euroa mjini: Maygar alitoka upande wa Kilmore na familia yake ikafanya ukulima Ruffy, Tubb alizaliwa Longwood, kijiji cha jirani, na Burton alizaliwa Kyneton akaletwa Euroa na wazazi wake akiwa mtoto. Na hakuna aliyerudi kuzeekea nyumbani. Wote watatu waliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi nyaraka na medali za vita huulizwa swali moja kila mara, na wanafunzi ndio huuliza bila kuzunguka: kwa nini apewe huyu na asipewe yule aliyekuwa ubavuni pake? Ni swali la haki kabisa. Nishani huanzia kwenye tendo, lakini tendo peke yake halitoshi. Lazima awepo aliyeliona, awe hai baada ya mapigano, na maneno yake yamfikie ofisa mwenye kalamu na cheo cha kupeleka pendekezo juu. Kesi ya Euroa inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingi ninazozifahamu.

Maygar ndiye wa kwanza. Tarehe 23 Novemba 1901, wakati wa vita vya Makaburu, alikuwa luteni katika kikosi cha wapanda farasi kutoka Victoria huko Geelhoutboom, Natal, Afrika Kusini. Kundi dogo la askari wake lilikuwa mbele, na adui alikuwa anawazunguka ubavuni. Maygar aliwafuata mbio juu ya farasi kuwaamuru warudi nyuma. Farasi wa askari mmoja akapigwa risasi, na adui alikuwa umbali usiofika mita 200 kutoka hapo. Maygar akashuka, akampandisha yule askari juu ya farasi wake mwenyewe, nao wakaondoka wawili. Farasi akaingia kwenye matope wakalazimika kushuka. Alipoona mnyama hawezi kutoka na mzigo wa watu wawili, alimpandisha tena mwenzake, akamwambia aende mbio kwenye kinga, yeye akarudi kwa miguu huku risasi zikimwandama.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba tendo hili lilifanyika kwenye uwanja wa wazi, mbele ya macho ya kikosi, na aliyeokolewa alibaki hai. Ushahidi haukukosekana.

Vita vya 1914 vilipoanza, Maygar alikuwa na umri wa miaka 46. Akajiunga tena. Alipigana Gallipoli, akapewa kuongoza Kikosi cha 8 cha wapanda farasi wepesi wa Australia, na mwaka 1917 akaongezewa Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Jioni ya tarehe 31 Oktoba 1917, huko Beersheba, Palestina, ndege ya Wajerumani ilishambulia kikosi chake. Mkono wake ulivunjwavunjwa, na farasi wake wa kijivu akatimka naye gizani. Walimpata usiku, lakini damu ilikuwa imemwishia. Alifariki kesho yake. Kaburi lake liko Beersheba.

Habari ya Tubb na Burton ni moja, nayo ilitokea ndani ya nafasi ambayo ingeenea chumba kimoja cha darasa.

Mahali pake ni Lone Pine, kwenye rasi ya Gallipoli nchini Uturuki. Waaustralia walishambulia mahandaki ya Waturuki hapo tarehe 6 Agosti 1915, na mapigano yakaendelea hadi tarehe 10. Sehemu ya mahandaki hayo ilikuwa imeezekwa magogo, kwa hiyo watu walipigana gizani, chini ya ardhi, juu ya maiti. Waaustralia zaidi ya 2,000 waliuawa au kujeruhiwa katika siku hizo chache, na Waturuki walipoteza watu wengi zaidi. Misalaba ya Victoria saba ilitolewa kwa Waaustralia katika vita hivi pekee, na minne kati ya hiyo ilikwenda kwa watu wa Batalioni ya 7, kikosi cha Tubb na Burton.

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti, Luteni Tubb alikabidhiwa kipande cha handaki kilichokuwa kimetekwa karibuni. Alikuwa na watu kama kumi. Waturuki walikuwa upande wa pili wa kizuizi cha mifuko ya mchanga, karibu kiasi cha kutupiana mabomu ya mkono. Mabomu ya siku hizo yalikuwa na utambi unaowaka sekunde chache kabla ya kulipuka, kwa hiyo mwenye moyo na bahati aliweza kuliokota bomu na kulirudisha lilikotoka. Tubb aliwapanga watu wake ukutani wapige bunduki, na makoplo wawili, Webb na Wright, akawaweka chini handakini kwa kazi hiyo: kudaka mabomu na kuyarusha tena, au kuyafunika kwa makoti mazito.

Wright alishika moja likamlipukia akafa. Webb akaendelea mpaka bomu lilipomkata mikono yote miwili. Alitoka mwenyewe handakini kwa miguu yake, kisha akafa.

Waturuki wakakilipua kizuizi. Kilibaki kimo cha sentimita thelathini hivi, yaani kisichofika hata goti la mtu. Tubb, pamoja na Koplo Burton na Koplo William Dunstan wa Ballarat, waliwarudisha nyuma na kuipanga mifuko upya. Kizuizi kikalipuliwa mara ya pili, wakakijenga. Kikalipuliwa mara ya tatu, wakakijenga tena. Tubb alikuwa amejeruhiwa kichwani na mkononi na bado anapiga bastola juu ya ukuta. Bomu moja likaangukia kati ya wale makoplo wawili: Burton aliuawa, Dunstan akapofuka kwa muda wa miezi mingi. Handaki halikutekwa.

Burton alikuwa na miaka 22. Kabla ya vita alikuwa akiuza vifaa vya chuma katika duka moja pale Euroa. Kesho yake Tubb aliandika kwenye shajara yake kwamba Burton wa Euroa alistahili tuzo ya juu kuliko zote, kwa kuziba pengo la ukuta mara tatu hadi walipomuua.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo. Ofisa aliyemwona Burton akifa alikuwa mtu wa Longwood, kijiji cha jirani, na katika shajara yake alimtaja kijana yule kwa mji wake. Alinusurika, alikuwa na cheo, na aliandika. Tarehe 15 Oktoba 1915 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilitangaza Msalaba wa Victoria kwa Tubb, Dunstan na Burton. Burton hana kaburi linalojulikana; jina lake limechongwa kwenye mnara wa Lone Pine.

Na Wright na Webb je? Hawakupata Msalaba wa Victoria. Sheria za nishani zilikuwa nyembamba sana kwa marehemu. Awali hata Msalaba wenyewe haukutolewa kwa aliyekufa. Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Nishani nyingine nyingi za ushujaa za Uingereza hazikuweza kutolewa baada ya kifo mpaka mwaka 1979. Kwa askari aliyeuawa, hapakuwa na ngazi za katikati. Ama apate nishani ya juu kabisa, ama atajwe tu katika ripoti ya kamanda, ama asipate kitu. Kwa hiyo mtu akihesabu medali ili ajue nani alikuwa shujaa zaidi, anahesabu kanuni za ofisi pamoja na ujasiri wa watu, na hawezi kuvitenganisha.

Tubb mwenyewe hakudumu. Alirudishwa nyumbani kwa matibabu mwaka 1916, akalishawishi baraza la madaktari wa jeshi limruhusu kurudi vitani, akapanda cheo kuwa meja. Tarehe 20 Septemba 1917, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, aliongoza shambulio licha ya kusumbuliwa na ngiri, akakataa kuondolewa. Alipigwa risasi na mdunguaji, na akiwa kwenye machela akapigwa tena na kombora la mzinga. Amezikwa Lijssenthoek.

Historia hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika makaburi ya vita ya Voi, Kenya, amezikwa Mwaustralia mwingine wa Victoria mwenye nishani hiyohiyo: Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, aliyekuwa katika batalioni ya Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguu. Wenzake walipokuwa wanambeba aliona kwamba wapo majeruhi wasioweza kuondolewa. Akasisitiza aachwe pamoja nao, akitumaini kuwepo kwake kungewaokoa, akauawa hapo.

Misalaba ya Victoria ya kampeni ya Afrika Mashariki ilikuwa minne: Ritchie wa jeshi la majini, bandarini Dar es Salaam mwaka 1914, Dartnell huko Maktau, Bloomfield huko Mlali mwaka 1916, na Booth karibu na Songea mwaka 1917. Wote ni wazungu. Askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walikuwa wengi zaidi uwanjani kadiri vita vilivyoendelea, lakini ushujaa wao ulitambuliwa kwa medali yao ya kando. Wapagazi waliobeba chakula na risasi kwa vichwa na mabega walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawakuandikwa jina popote panaposomeka leo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina jina la mtu. Euroa ina sanamu tatu na kila moja ina jina, kijiji na tarehe. Tofauti hii haikuletwa na upungufu wa mashujaa kwetu. Imeletwa na nani alikuwa na kalamu, na aliona inafaa kumwandika nani.

Lakini kuna mambo ambayo bado yamo mikononi mwa familia. Nyumba nyingi Kenya, Tanzania na Uganda zina medali za babu zimefungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku. Kwanza, jueni ni medali ya aina gani. Nyingi ni za kushiriki vita, alizopewa kila aliyetumikia mahali fulani kwa muda fulani; Nyota ya Burma ni mfano. Hizo si ndogo, ila hazina maelezo ya tendo maalumu. Medali ya ushujaa kwa kawaida huacha alama ya maandishi: tangazo kwenye gazeti la serikali, au pendekezo kwenye kumbukumbu za kikosi.

Pili, tazameni ukingo wa medali kwa mwanga wa pembeni. Medali za duara za Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Ile namba ndiyo ufunguo, maana majina ya Kiafrika yaliandikwa na makarani kwa tahajia yoyote iliyowajia. Nyingi za Vita Kuu ya Pili zilitolewa bila jina, hivyo karatasi au kijiboksi kilichokuja nazo kina thamani kubwa. Msikitupe.

Tatu, msiisugue medali kwa dawa ya kung'arishia vyuma wala majivu. Kila msuguo unakula herufi. Utepe uliochakaa uacheni kama ulivyo, mkavu, mbali na jua.

Nne, na hili halingoji: muulizeni mzee aliyebaki, au mtoto wake aliyesikia, babu alikuwa wapi, chini ya ofisa gani, na wenzake walikuwa akina nani. Andikeni majina ya wenzake pia. Mkija kwenye ofisi za nyaraka au makumbusho, njooni na namba ya ukingoni, picha ya pande zote mbili, na maelezo hayo mliyoyaandika.