Sesriem hadi Sossusvlei: kilomita 60 za lami, 5 za mchanga

Barabara ya kutoka Sesriem, lilipo geti la kuingilia, kwenda Sossusvlei, bonde kavu kati ya vilima vya mchanga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Namib-Naukluft nchini Namibia, ina kama kilomita 65. Sitini za kwanza ni lami, gari dogo lolote linapita. Tano za mwisho ni mchanga mtupu, na hapo ndipo magari hukwama.

Kwanza saa. Geti la nje hufunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama. Aliyelala ndani ya hifadhi, kwa mfano kwenye kambi ya Sesriem, huruhusiwa kuondoka saa nzima kabla. Kama mfuko unaruhusu, lala ndani. Barabara inaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni, na kila kilima cha mchanga kinawaka wekundu upande mmoja huku wa pili ukiwa giza. Kufikia saa nne vivuli vimekwisha na rangi imepauka. (Wekundu wenyewe ni kutu ya chuma iliyoshika chembe za mchanga.) Mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa, maana choroa huvuka bila taarifa.

Kwenye kilomita ya 45 kuna kilima maarufu, Dune 45, na watu hujipanga kukipanda. Mimi naona ni heri kukipita: ukitumia ubaridi wa asubuhi hapo, Deadvlei, bonde la miti mikavu lililo mwisho wa safari, utaitembea juani.

Lami inaishia kwenye maegesho. Mwenye gari lisilo la 4x4 (linalosukumwa na magurudumu yote manne) aliache hapo apande gari la kulipia la hifadhi. Mwenye 4x4 apunguze upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani, asisubiri kuzama: kutoka bar 2.2 za lami hadi 1.3 hivi, yaani PSI 19, tairi zote nne. Tairi ikilegea hutanuka, ikakanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Washa nguvu ya magurudumu yote manne, tumia gia nzito, mwendo wa taratibu usiokatika. Usikate kona ghafla, tairi yenye upepo mdogo inaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hurundika mchanga mbele ya tairi, na kuondoka inakuwa kazi.

Tairi zikianza kuzunguka bure, acha mafuta mara moja. Kila sekunde ya kuzidisha inashusha gari hadi tumbo likalie mchanga. Chota mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, shusha upepo hadi bar 1, kisha rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Koleo ni lazima.

Kutoka maegesho ya mwisho, baada ya mchanga, hadi Deadvlei ni kama kilomita moja kwa miguu. Mto Tsauchab ulizibwa na vilima, migunga ya hapo ikakosa maji na kufa miaka 600 hadi 700 iliyopita, na ukavu umezuia isioze. Beba lita mbili za maji kila mtu, kivuli hakuna.

Ukirudi kwenye lami, jaza upepo palepale kwa kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Kukimbia kilomita 60 na bar 1.3 kunachemsha kuta za tairi, na zinapasuka. Na anza kurudi mapema: geti likifungwa, limefungwa.