Dawa ya kutagisha kuku haipo

"Daktari, nipe dawa ya kutagisha." Wiki hii nimeombwa hivyo na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wameshawanywesha kuku antibiotiki. Dawa ya kutagisha haipo! Antibiotiki huua bakteria, haitengenezi yai. Ukiitumia pasipo ugonjwa unajenga usugu, yaani bakteria wanaizoea dawa, na hata yale mayai machache hayafai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Hapa Dodoma, hasa Septemba mpaka Novemba, mimi naanza na maji. Zaidi ya nusu ya yai ni maji. Mtetea hunywa kama robo lita kwa siku, na jua likiwaka huweza kuhitaji mara mbili yake. Mama mmoja wa Nkuhungu aliniletea mtetea aliyeacha kutaga, ndani ya tenga, akisema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Nikamshika: macho maangavu, puani pakavu, kinyesi hakina shida. Upanga tu ndio ulikuwa umesinyaa na kupauka. Saa nane mchana tukaenda kwake. Beseni liko juani, maji yamebaki kina cha vidole viwili, na nilipotia mkono yalikuwa ya moto kama ya kuoga. Kuku atadonoa mara mbili aondoke. Chakula nacho kilikuwa pumba tupu. Tukalihamishia beseni chini ya mwarobaini, maji yakawa yanabadilishwa mara tatu kwa siku, na kwenye pumba tukaongeza mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo. Baada ya wiki tatu mama alikuwa anaokota mayai. Kwa hiyo kabla hujanifuata, saa nane mchana tia mkono kwenye maji ya kuku wako.

Kisha mkague mwenyewe. Pima kwa vidole nafasi kati ya mifupa ya nyonga: vikiingia viwili au vitatu, na tundu la kutagia ni pana lenye unyevu, huyo anataga. Katafute mayai vichakani. Kikiingia kimoja kwa shida, amesimama kutaga. Funua manyoya chini ya mkia uangalie utitiri, na usiku mulika tochi kwenye nyufa za banda, maana wapo wanaojificha mchana na kunyonya damu kuku wakilala.

Mengine ninayoambiwa na wafugaji ni haya. "Bila jogoo hatagi." Anataga. Jogoo ni kwa ajili ya vifaranga.

"Ananyonyoka manyoya, anaumwa." Kama ngozi ni safi na anakula vizuri, anabadilisha manyoya, anaweza kupumzika miezi miwili au zaidi. Mwongezee dagaa.

"Chanjo ya kideri inakata mayai." Yakipungua ni siku chache, kideri chenyewe kinafagia banda zima. Ile ya matone ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwa kuku wasioumwa. Ukiona kuku amejikunyata, anakoroma, anahara kijani au shingo imepinda, mtenge na umwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Usimkimbize mnadani.